Katalogi Kwanza

Makala nyingi zilizotufikia kwa toleo hili zimejengwa juu ya hojaji: wanafunzi wangapi wa ukutubi wanatumia akili unde, na wangapi wanasema wanaielewa. Kusema si kujua. Ujuzi huonekana mwanafunzi anapopewa jibu la mashine na kutakiwa alikague.

Tuseme kijana wa Kebirigo anatafuta vitabu vya historia ya Abagusii. Programu inaweza kumtajia kitabu cha William Ochieng' cha 1974, kilichotolewa na East African Literature Bureau, ambacho kipo. Kisha ikaongeza kingine cha mchapishaji huyohuyo, cha mwaka 1985. Aliyesoma historia ya uchapishaji wetu atashtuka mara moja: shirika hilo lilianzishwa 1948 na likafa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule. Akipewa ISBN, atajua kwamba 9966 ni tarakimu za Kenya na kwamba ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo nambari ya kubuni mara nyingi hujifichua. Maarifa hayo hupatikana katika somo la katalogi na bibliografia, na ndiyo maana napinga vikali rai ya kulipunguzia saa ili kupisha kozi mpya ya akili unde. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha orodha ya vitabu vilivyopendekezwa na mashine. Vingi havikuwahi kuandikwa, kimojawapo kikiwa kimebandikwa jina la Isabel Allende. Mkutubi mmoja mwenye katalogi angeizuia aibu hiyo.

Wapo watakaojibu kwamba mashine zinaboreka. Ni kweli, lakini makosa yakipungua msomaji hulegeza macho, na yanayobaki hupita. Tena, kwa jamii ambayo habari zake nyingi bado zimo vichwani mwa wazee na katika vitabu vilivyoadimika, mashine haina pengi pa kujifunzia. Wengine wanahofia maktaba zisizo na intaneti ya kutegemewa. Huko ndiko mkaguzi anayejua rafu zake anakohitajika zaidi.

Makala ya toleo hili kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 isomwe na kila mhadhiri kabla mwanafunzi hajapakia rekodi za wasomaji kwenye programu yoyote. Kwa idara zetu nina ombi moja: mtihani ujao uwe na orodha ya marejeleo iliyotungwa na mashine, na alama zitolewe kwa kila rejeleo ambalo mwanafunzi amethibitisha au kukataa kwa sababu.