Rangi Mpya, Chuma Kibovu

Juma hili nataka tuzungumze habari za motokaa kuukuu. Najua wengine mtacheka: "Hata mpya hatuna, na huyu atuletea habari za kuukuu!" Ngojeni kidogo. Katika vijiji vyetu motokaa za zamani zingaliko. Moja iko nyuma ya zizi la ng'ombe, nyingine chini ya mwembe, na kuku wanatagia juu ya kiti chake. Na wako watu, hapa kwetu na katika nchi nyingine nyingi, wanaozichukua motokaa hizo na kuzitengeneza polepole nyumbani, si kwa biashara, bali kwa kupenda tu, kama vile mwingine apendavyo kufuga njiwa. Ni kazi njema. Lakini mtu akiianzia mahali pasipofaa, yaweza kuleta msiba nyumbani. Jambo hilo naliona kwa macho yangu, nami nitawasimulia.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alinunua Land Rover ya zamani, ya namna ile iitwayo Series IIA, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971. Aliipata kwa bei ndogo, maana ilikuwa imelala miaka mingi. Akafanyaje? Alinunua rangi ya kijani akaipaka yote. Akashonesha viti vipya. Akasugua taa mpaka zikang'aa. Siku ya kwanza alipopita nayo sokoni watu walisimama kuitazama. Mimi mwenyewe nilimsifu. Hapana mtu aliyeinama kutazama chini, wala mimi sikuinama.

Mwezi wa tatu baada ya kupaka rangi, alikuwa akirudi kutoka mnadani na magunia manne ya mahindi, na dada yangu pamoja na watoto wawili walikaa nyuma. Katika mteremko walisikia mlio kama wa tawi linalovunjika. Chuma kinachoshika springi ya nyuma kilikuwa kimeng'oka katika chesisi. Motokaa ikaenda upande ikaingia mferejini. Dada yangu akavunjika mkono. Watoto, twashukuru, walipata michubuko tu. Tulipoitoa pale na kutazama chini, tulinyamaza wote. Ile chesisi ukiigonga kwa nyundo, vipande vyekundu vilianguka kama makombo ya mkate mkavu. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi kwa nini juu pawe pazima na chini pawe pabovu? Yafaa tujue habari ya motokaa hii. Mwaka 1947, Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Shambani alitumia jipu ya Kimarekani, ya zile zilizobaki baada ya vita, naye akawaza kuunda motokaa ya namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Umbo lake la kwanza alilichora mchangani ufukweni. Tarehe 30 Aprili 1948 motokaa hiyo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza, katika mji wa Amsterdam, Uholanzi.

Siku zile chuma kilikuwa adimu Uingereza, kiligawiwa kwa kipimo. Aluminiamu ilipatikana zaidi, maana ndege za vita hazikuundwa tena kwa wingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwili wa nje iliundwa kwa aluminiamu, isiyoshika kutu nyekundu. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo wa motokaa, ni ya chuma. Imeundwa kwa mabamba yaliyolehemewa pamoja kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia katika uwazi huo, hayatoki upesi, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo huliwa ikawa unga mweupe. Ndiyo maana mtu aweza kuona milango mizima na paa zima, akadanganyika.

Baada ya ajali ile shemeji alitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Dada yangu, mkono wake ungali umefungwa, ndiye aliyekataa. Alisema, "Umekwisha kulipa kwa fedha na kwa mfupa wangu. Sasa itengeneze, lakini safari hii anzia chini." Basi waliitengeneza pale nyumbani, kila Jumamosi, muda wa miaka miwili, baba na wanawe, nami nikawa nikienda kusaidia. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza ni chesisi. Chukua nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, ulale chini, ugonge kila shubiri moja. Chuma kizima hulia. Chuma kibovu hutoa sauti nzito, kama debe lililojaa udongo. Penye mashaka sukuma bisibisi, ikizama, pamekwisha. Tazama hasa mahali springi zinaposhikwa, mikono inayotoka pembeni kubeba mwili, na kile chuma cha kukingama cha nyuma. Usizibe tundu kwa bati jembamba juu ya kutu, maana bati halina cha kushika. Yapasa kukata mpaka ufike chuma kizuri. Na kulehemu chesisi si kazi ya kujifunzia. Shemeji alimwita fundi wa kulehemu kwa kazi hiyo tu, na yote mengine wakafanya wenyewe.

Kabla fundi hajaja, ondoa waya za betri, na ulitoe kabisa tangi la petroli, ambalo katika motokaa hizi liko chini ya kiti cha mbele. Ulipeleke mbali. Wala usiseme, "Tangi ni tupu, halina neno." Tangi tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki humo, ukichanganyika na hewa, hulipuka kwa cheche moja. Tangi lenyewe lisilehemewe nyumbani kamwe.

Pili ni jeki. Hapa nusura tupate msiba wa pili. Mpwa wangu mkubwa aliinua gurudumu moja la nyuma, akavuta breki ya mkono, akaingia chini. Alijiona salama. Kumbe breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu yenyewe. Inashika mhimili utokao kwenye gia kwenda nyuma. Gurudumu moja likiwa hewani, difu huliacha lizunguke, na lile lililobaki chini nalo laweza kubingirika, ijapokuwa breki imevutwa sana. Motokaa ikasogea, jeki ikalala. Kijana alikuwa amekumbuka jambo moja tu: kulilaza gurudumu la akiba chini ya chesisi. Chesisi ikaangukia gurudumu hilo, ikakaa kiganja kimoja juu ya kifua chake. Alipotoka hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mjomba, mimi nilidhani breki ni breki."

Tangu siku hiyo sheria ya ua ule ni hii: magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa magogo, mbele na nyuma, jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia, motokaa ikiisha kuinuliwa, ishushwe juu ya stendi za chuma au vipande vinene vya mti mgumu. Matofali hayafai, maana hupasuka pasipo kutoa habari. Na mtu asiingie chini akiwa peke yake nyumbani.

Tatu ni breki za miguu. Katika Land Rover nyingi za miaka ile mafuta ya breki hupita katika njia moja kwa magurudumu yote manne. Mrija mmoja ukipasuka, kanyagio huzama na magurudumu yote yamekosa breki. Kwa hiyo mirija yenye kutu na ya mpira iliyopasuka ibadilishwe yote, usibakize hata mmoja kwa kuhurumia fedha. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, kisha huozesha vyuma kwa ndani. Baada ya miaka miwili yafaa kuyamwaga na kutia mapya. Tena jihadharini na vumbi lililomo ndani ya ngoma za breki. Breki za zamani zilitiwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, na watoto wakae mbali.

Sasa ndipo tufike kwenye injini, ambapo watu wengi hupenda kuanzia. Sehemu hii ndiyo tamu, na watoto waweza kusaidia. Injini ya petroli ya lita 2.25 ina silinda nne na valvu nane. Kati ya kila valvu na mkono unaoibonyeza huachwa nafasi ndogo, inchi 0.010, yaani robo ya milimita. Ikiwa ndogo mno, valvu haifungi sawasawa, nayo huungua. Ikiwa kubwa mno, injini hugonga kama cherehani mbovu. Hupimwa kwa vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo mafundi huviita fila.

Lakini utajuaje ni valvu ipi ya kupima? Hapa iko hesabu nzuri. Zihesabu kuanzia mbele, moja mpaka nane. Valvu ya 8 ikiwa imebonyezwa chini kabisa, pima ya 1. Ya 6 ikibonyezwa, pima ya 3. Ya 4, pima ya 5. Ya 7, pima ya 2. Na kinyume chake vivyo hivyo. Kila mara jumla ni tisa. Binti mdogo wa shemeji, wa darasa la nne, ndiye aliyekuwa msemaji. Baba yake anazungusha injini kwa hendeli, plagi zimetolewa ili iwe nyepesi, naye binti anaita, "Saba imeshuka! Pima mbili!" Tangu hapo hesabu za kutoa hazikumsumbua tena.

Juu ya hendeli nina neno moja. Ukiitumia kuwasha injini, usikizungushie kidole gumba. Kiweke upande mmoja na vidole vingine, na uvute kwenda juu. Injini yaweza kurudi nyuma kwa ghafula, na mikono mingi imevunjika hivyo.

Msiwe na haraka katika kufungua. Bolti nyingi za motokaa hizi ni za kipimo cha inchi. Spana ya milimita haikai sawa, itakula pembe zake. Bolti iliyoshikwa na kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, itiwe mafuta mepesi, ilale hivyo usiku kucha, na asubuhi uizungushe kidogo kwa kukaza, kisha kwa kulegeza. Kila kitu kilichofunguliwa kitiwe katika kopo lake na jina lake liandikwe. Sisi mwanzoni tulitia vyote katika karai moja. Tulipoteza Jumamosi tatu kutafuta vya nani ni vya nani.

Rangi je? Rangi ni ya mwisho. Shemeji hakupaka tena hata kidogo. Ile kijani ya kwanza ingalipo, ina mikwaruzo ya mferejini upande wa kushoto. Husema ataiacha hivyo iwe kumbukumbu.

Sasa, fedha. Dada yangu aliweka daftari. Karo ya watoto na dawa kwanza, kisha chakula, na kilichobaki cha mwezi ndicho cha motokaa. Miezi mingine hakikubaki kitu, nao walisafisha bolti tu. Kazi ya kupenda haina tarehe ya kumalizika, wala haina haki ya kula chakula cha watoto. Mwenye kukopa ili anunue vipuri vya kujifurahisha, huyo hajifurahishi, anajitafutia mashaka. Vipuri vyenyewe vyaendelea kutengenezwa, ijapokuwa Defender, iliyorithi umbo lile la zamani, ilikoma kutoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Haina haja ya kukimbilia.

Mimi nimeona faida nyingine ambayo haikuandikwa katika daftari. Wale vijana wawili walikuwa hawazungumzi sana na baba yao. Chini ya motokaa, kila mmoja ameshika upande wake wa spana, walizungumza mengi. Kila kiangazi, kabla ya mvua, wanaiinua tena, wanagonga chesisi toka mwanzo hata mwisho, wanaosha matope na kutia mafuta ndani ya uwazi wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi, wewe mwenye motokaa chini ya mwembe, kabla hujanunua kopo la rangi, wafukuze kuku, chukua nyundo, ulale chini utazame. Na dada yangu anawasalimu. Mkono ulipona, lakini siku za baridi bado unamuuma kidogo.

Kwa herini mpaka juma lijalo.