Shibe Ina Majina Mengi

Joto la mwili lina kipimajoto chake. Shibe je? Wataalamu wa lishe wameitafutia kipimo miaka mingi, na kilichoenea zaidi ni mstari tu uliopigwa karatasini, urefu wake milimita 100. Ncha moja ni "sina njaa hata kidogo", ya pili "sijapata kuwa na njaa kama hii". Mtu mzima mwenye afya hupewa chakula kilichopimwa, kisha kila baada ya muda hutia alama pale anapojiona yupo. Huulizwa pia kama ametosheka, kama tumbo limejaa, na angeweza kula kiasi gani zaidi.

Si mchezo wa watoto. Mwaka 2000 wataalamu wa Denmark walitangaza matokeo ya vijana wanaume 55 waliopimwa hivyo, na mstari ukaonekana wafaa hasa kumlinganisha mtu na nafsi yake, leo kwa chakula hiki na kesho kwa kile. Huko Sydney, mwaka 1995, Susanna Holt na wenzake walikwisha kupima vyakula 38, kila kimoja kilokalori 240, walaji wakiulizwa shibe yao kila robo saa kwa muda wa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, na kruasani, ule mkate wa siagi wa Kifaransa, 47. Mahamri hayakuwamo, lakini wapenzi wake na wajitazame.

Basi hapa ndipo penye neno letu. Mswali ya kutosheka na ya kujaa tumbo ni mawili, mfasiri mvivu ataandika "umeshiba?" mara mbili. Na lugha yetu si masikini hivyo! Kuna kushiba, kuna kukinai, kuna kuvimbiwa. Uchu nao si njaa: mtu amekwisha shiba pilau, sahani ya halua ikipita mkono huenda wenyewe.

Tena kuna adabu. Mgeni akiulizwa hujibu, "Alhamdulillahi, nimeshiba," na mwenyeji humwongezea bila kumsadiki. Jibu lile ni la heshima, si la tumbo. Muuguzi akimwuliza mama mtu mzima kwa mdomo atapata lilo hilo, na ushauri wa sukari na presha utajengwa juu yake. Afadhali mama aachiwe karatasi atie alama peke yake, na kilichobaki sahanini kipimwe. Ile theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi tuliyofundishwa chuoni nayo ni hesabu ya mtu na nafsi yake.

Kwa hiyo karatasi hizo zikitaka kuchapwa kwa Kiswahili, zisimalizwe ofisini. Waitwe mama wapishi wa Lamu na Mombasa, waulizwe kukinai huanzia wapi.