Sheria Iko, Lakini Chupa ya Plastiki Haina Bei

Tembea kutoka tao, pale Tom Mboya, hadi Kangemi ukiangalia mitaro. Chupa za plastiki kibao. Za soda za glasi? Utatafuta sana.

Si eti tunapenda usafi, ni doo. Ukitoka dukani na soda ya glasi, unaacha pesa ya chupa, ukiirudisha unarudishiwa. Nani atatupa pesa yake kwa mtaro? Ya plastiki ukimaliza kwa mathree, imeenda na dirisha.

Na Kenya haikosi sheria. Agosti 28, 2017 majuala yalipigwa marufuku: faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4. Chupa hazikuguswa. Ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, halafu kanuni za 2024 zinazosema kampuni iwajibikie pakiti zake hata baada ya kuuza. Poa. Lakini mteja wa Kawangware anashika nini mkononi? Zii. Anayepata kakitu ni msee wa kuokota, na analipwa kwa kilo. Chupa tupu haina uzito, kwa hivyo anajaza gunia zima ndio apate ya kula.

Ujerumani tangu 2003 chupa kama hizo huwekewa senti 25 za Euro, unarudishiwa ukizipeleka dukani. Sisi hata mashine si lazima, duka la mtaa linajua hiyo kazi tayari. Ndiyo, maji yatapanda bei kidogo, lakini hiyo ni ganji yako, inarudi.

Wewe ungerudisha chupa kwa ngapi? Mbao?