UCHAMBUZI: Ukaazi wa Kudumu Marekani kwa Wanasayansi: Wingi wa Machapisho Peke Yake Hautoshi

Kwa mtafiti wa Kitanzania anayesomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, swali la kubaki au kurejea nyumbani huanza mapema kuliko siku ya mahafali. Miongoni mwa njia zilizo wazi kisheria ni ukaazi wa kudumu unaotolewa kwa kuzingatia mafanikio ya utafiti. Ni vyema masharti yake yakaeleweka kwa watafiti, familia zao na taasisi zilizowalea, kwa kuwa matokeo yake huwagusa wote.

Mfumo unaotumika sasa uliwekwa na Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, iliyotenga takribani nafasi 140,000 kila mwaka kwa misingi ya ajira na ujuzi, wakiwamo wenza na watoto wa waombaji. Ndani ya mfumo huo, mwanasayansi ana milango mitatu mikuu.

Mlango wa kwanza ni wa watu wenye uwezo wa kipekee. Mwombaji hahitaji mwajiri, bali hutakiwa kuwa na tuzo kubwa ya kimataifa au kutimiza angalau vigezo 3 kati ya 10, vikiwamo makala za kitaaluma, kutathmini kazi za wanataaluma wengine na mchango asilia wenye uzito mkubwa katika fani. Mlango wa pili ni wa maprofesa na watafiti mahiri wanaotambulika kimataifa. Huu huhitaji ajira iliyoahidiwa, uzoefu wa angalau miaka 3 na vigezo 2 kati ya 6. Mlango wa tatu ni wa wenye shahada za juu au uwezo usio wa kawaida, ambao huomba kuondolewa sharti la mwajiri kwa maslahi ya taifa la Marekani.

Kipimo cha mlango huo wa tatu kiliwekwa upya Desemba 2016, katika uamuzi wa rufaa uliomhusu mtafiti wa uhandisi wa vyombo vya anga. Tangu hapo mwombaji hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kazi yake ina thamani kubwa na umuhimu wa kitaifa, kwamba yeye mwenyewe ana nafasi nzuri ya kuiendeleza, na kwamba Marekani itanufaika zaidi ikimwondolea sharti hilo.

Hapa ndipo waombaji wengi hujikwaa. Kutimiza idadi ya vigezo hakumalizi kazi, kwani ofisa hupima pia ushahidi wote kwa pamoja. Mtafiti wa malaria anayeonesha kuwa mbinu yake ya kupima usugu wa mbu inatumiwa na maabara nyingine ana hoja nzito kuliko mwenye orodha ndefu ya makala ambazo hakuna aliyezitumia. Vivyo hivyo, barua ya mtaalamu asiyewahi kufanya kazi na mwombaji, inayoeleza jinsi utafiti huo ulivyomsaidia, huwa na uzito kuliko sifa za jumla kutoka kwa msimamizi wake.

Yapo masharti mawili ambayo hayapaswi kupuuzwa. Kwanza, baadhi ya waliokwenda kwa viza ya kubadilishana wasomi, hususan waliogharimiwa na serikali, hulazimika kurejea na kuishi nchini kwao kwa jumla ya miaka 2 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu, isipokuwa wakipata msamaha. Lengo ni kuhakikisha kuwa ujuzi uliogharimiwa unarudi nyumbani.

Pili, ukaazi wa kudumu si uraia. Mwenye hati hiyo hubaki kuwa Mtanzania na huendelea kutumia pasipoti ya Tanzania. Kwa kawaida baada ya miaka 5 anaweza kuomba uraia wa Marekani. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Uraia ya Tanzania, mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza uraia wa Tanzania. Uamuzi huo wa pili ndio wenye gharama kubwa, na haupaswi kuchanganywa na wa kwanza.

Kwa taasisi za utafiti nchini, funzo ni kwamba mchango wa mtafiti kijana uandikwe bayana tangu mwanzo: nani alibuni mbinu, nani aliongoza kazi ya uwandani, na matokeo yalitumika wapi. Kumbukumbu hizo humfaa anayebaki ughaibuni, na humfaa zaidi anayerejea kuomba ruzuku au nafasi ya kufundisha.

Mwisho, wananchi wajihadhari na mawakala wanaoahidi ushindi wa uhakika au kuuza nafasi ya jina katika makala. Mwenye mamlaka ya kuamua ni serikali ya Marekani pekee, na udanganyifu wa makusudi katika ombi unaweza kumfungia mwombaji milango ya nchi hiyo maisha yake yote.