Vitabu vya watoto Bukavu: maktaba zisiponunua, nani atachapisha?

Mzazi akizunguka Nyawera ao soko la Kadutu akitafuta kitabu cha hadithi cha mtoto wa miaka saba, atakuta kwanza madaftari, vitabu vya masomo, na riwaya za Kifaransa zilizopitia mikono mingi. Kitabu cha hadithi cha Kiswahili ni bahati. Cha Mashi, Kihavu ao Kirega, karibu hakuna. Na mtoto huyo anaongea Kiswahili siku nzima, bibi yake akikasirika anamkaripia kwa Mashi.

Hadithi ziko. Zinasimuliwa jikoni wakati bugali inapikwa, na kuna walimu wanaoziandika ndani ya daftari. Kinachokosekana ni mnunuzi wa kwanza.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kumlipa mwandishi, mchoraji na mtu wa kupanga kurasa kunaomba, tuseme, dola 1000. Dola hizo hazibadiliki, uchapishe vitabu 100 ao 1000. Kwa vitabu 100, kila kimoja kinabeba dola 10 kabla hata ya karatasi na wino. Kwa vitabu 1000, kinabeba dola 1. Mzazi wa Bagira mwenye watoto sita hatatoa dola 10 kwa kitabu cha kurasa 24 wakati sambaza za jioni bado hazijanunuliwa. Basi mchapishaji anaogopa, anachapisha 100, bei inapanda, vitabu vinalala ndani ya kartoni, na mwaka unaofuata harudilii tena.

Tanzania ilipitia njia hiyo. Mwaka 1991 kulianzishwa kule Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuelewa: mchapishaji anatoa nakala 5000 za kitabu cha Kiswahili, mradi unanunua 3000 na kuzipeleka kwenye maktaba za shule, hasa za vijijini. Zile 2000 zinazobaki anaziuza mwenyewe. Hasara kubwa ilikuwa imeisha kabla mashine haijawaka. Hatari yake pia inaonekana: mchapishaji aliyekwisha kulipwa anaweza kulala, asihangaike kuuza zile zingine.

Mfano mwingine unatoka mbali, kwa Wayahudi wa Marekani. Nao ni wachache ndani ya nchi kubwa, na kitabu cha mtoto kuhusu sikukuu zao hakiwezi kutegemea kila duka. Tangu 1968, chama cha maktaba za Kiyahudi kule kinatoa tuzo ya Sydney Taylor kwa vitabu bora vya watoto na vijana, na wakutubi wanajua wapi pa kutupa macho wanapotaka kununua. Mwaka 2005, tajiri Harold Grinspoon akaanzisha PJ Library, inayotumia familia vitabu kila mwezi bila malipo. Mchapishaji ambaye kitabu chake kimechaguliwa anajua kwamba maelfu ya nakala yamepata mwenyewe. Bukavu haina Grinspoon. Lakini ile kazi ya wakutubi, kusema hiki ni kizuri na hiki hapana, haiombi makuta mengi.

Huku kwetu, maktaba kubwa, ao bibliotheke vile wengi wanasema, ni za wakubwa. Ile ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki na ile ya ISP ni za wanafunzi wa vyuo. Lwiro, kule Kabare, ni ya watafiti. Watoto wanabaki na makabati ya shule na parokia, na mara nyingi yanajazwa na vitabu vya msaada kutoka Ulaya. Hapa inafaa kusema wazi: msaada huo una bei yake. Kabati likijaa bure, hakuna kiongozi wa shule atakayeweka makuta ya kununua kitabu cha mwandishi wa Walungu. Mtoto anasoma habari za theluji, na mwandishi anarudi kulima. Hata Mkongomani Dominique Mwankumi, anayechora watoto wa mto na wa barabara za kwetu, vitabu vyake vimetolewa Paris.

Maktaba inaweza kusaidia hata kabla ya kununua. Lugha yenyewe ni mtego. Mtoto wa Bukavu anasema « batoto banacheza ». Kitabu kinamwandikia « watoto wanacheza ». Wengine wanaona hilo ni kosa la mtoto, wengine la kitabu. Mkutubi akisoma maandishi kwa sauti mbele ya watoto thelathini siku ya posho, atajua ukurasa gani wanacheka na ukurasa gani wanaanza kuchokozana. Mchapishaji hawezi kupata habari hiyo akiwa ofisini. Hadithi za majaribio hazikosi: African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, inaruhusu kila mtu kuchukua hadithi zake, kuzitafsiri na kuzichapisha.

Sheria ya mafundisho ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa darasani, na Kiswahili ni mojawapo ya zile nne za Katiba. Tangu elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Wasomaji wapo basi.

Maktaba thelathini za shule na parokia zikiahidi kila moja nakala kumi, ni nakala 300 zenye mwenyewe, na mchapishaji anaweza kuthubutu 1000. Ugumu uko kwenye kukusanya. Mabenki yalifunga milango mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, Februari 2025, na watu wakabaki na pesa ya simu. Nani atashika makuta ya maktaba thelathini kwenye simu yake, na nani atamkagua? Wanaotaka kuanza watalazimika kujibu hilo kwanza, hata kabla ya kuchagua hadithi.