Bunia: Esansi si sabuni ya kuoshea vipuri vya plastiki

Mjini Bunia, jenereta iliyochakaa haitupwi. Fundi anaifungua, anaitafutia vipuri na kuirudisha kazini. Kinyozi anaitegemea, na mwenye kibanda cha kuchaji simu anaitegemea pia. Hata familia zilizokimbia vita vya Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017, zikiwemo zile za kambi ya Kigonze, zinapata habari za nyumbani kwa simu na redio zinazohitaji moto wa umeme. Kwa hiyo kazi ya kufufua mashine za zamani ni kazi ya kusifiwa.

Lakini kuna tabia moja inayopaswa kuachwa. Ni ile ya kutumbukiza vifuniko, feni na nyumba za chujio la hewa ndani ya beseni la esansi ili kuondoa uchafu wa miaka. Mara nyingi kazi hiyo inaachiwa kijana mdogo asiye na glavu, na babula ya kupikia chai haiko mbali.

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu na kupotea. Unatambaa chini hadi ukutane na makaa, sigara au cheche, na moto unarudi mpaka kwenye beseni. Ngozi inayolowa esansi kila siku inakauka na kupasuka, na mvuke wake unaleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Kijana aliyefika mjini bila kitu hawezi kumkatalia mwenye karakana kazi ya kuosha vipuri. Ndiyo maana jukumu ni la mwenye karakana, si la kijana.

Tena, esansi inaharibu kile kinachookolewa. Plastiki si za aina moja. Fundi akigeuza kipuri mara nyingi ataona herufi upande wa ndani. Zenye alama PE au PP huvumilia esansi kwa muda. Zenye alama PS au ABS hulainika, huparara au hupata nyufa ndogo. Kifuniko kinaweza kutoka kwenye beseni kiking'aa, halafu kikapasuka siku chache baadaye kwa mtikisiko wa injini. Kipuri kingine kinaweza kuagizwa Uganda, lakini barabara ya taifa namba 27 ya kwenda Mahagi imekuwa ya mashaka kwa miaka, na mteja hawezi kungoja bila mwisho.

Njia salama haina gharama kubwa. Mashine inazimwa, inaachwa ipoe, na waya wa buji unatolewa. Vipuri vya plastiki vinatenganishwa na vya chuma. Mafuta mazito yanafutwa kwanza kwa kitambaa kikavu na kijiti cha mti, si kwa kisu. Vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Halipulizwi kwa mdomo kwa sababu linaingia machoni na kifuani. Baada ya hapo kipuri kinalowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kufulia, nusu saa au zaidi, kisha kinasuguliwa kwa mswaki wa zamani. Maji yanayochemka yanaweza kupinda plastiki, na waya wa kusugulia sufuria unaikwaruza. Kipuri kinasuuzwa, kinakaushwa kivulini, na hakirudishwi karibu na nyaya za umeme kabla hakijakauka kabisa.

Javeli nayo isifanywe dawa ya kila uchafu. Haiondoi grisi vizuri, na ikichanganywa na siki au dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ikiwa plastiki imekuwa ya manjano kwa sababu ya jua na umri, iachwe hivyo. Rangi haizuii jenereta kufanya kazi.

Mafundi wengine watasema maji ni shida na esansi ni ya haraka. Shida ya maji ni ya kweli, hasa kambini. Lakini beseni moja linatosha vipuri vingi kama vimefutwa vikavu kwanza, na kipande cha sabuni hakifikii bei ya lita moja ya esansi. Haraka inayovunja kifuniko inamrudisha mteja akiwa na hasira.

Maji machafu yasimwagwe kwenye mto Nyamukau wala karibu na kisima. Vitambaa vyenye mafuta viwekwe mbali na moto, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko. Na bidoni lililowahi kubeba esansi au mazutu lisipewe familia ya wakimbizi kuchotea maji, hata likioshwa mara kumi, kwa sababu plastiki imekwisha kunywa mafuta hayo. Esansi isiwekwe kwenye chupa ya maji au ya soda. Mtoto akiinywa asitapishwe. Apelekwe haraka kituo cha afya.

Wenye karakana wa Bunia hawahitaji kungoja mradi wa shirika lolote ili kubadilika. Beseni, sabuni, mswaki na jozi ya glavu vinapatikana sokoni leo. Mteja naye ana sauti: anapoacha jenereta yake, aulize vipuri vitaoshwa kwa nini na nani atakayeviosha. Akijibiwa kwamba ni mtoto na beseni la esansi, abebe mashine yake na kutafuta fundi mwingine.