Laptopu Nzito Haijafa: Badilisha Diski Kabla Hujakopa

Leo naongea na wenye steshenari, wapiga picha za pasipoti, wauza vipuri wanaoweka hesabu zao kwenye Excel, na kila mwenye laptopu ya dukani ambayo ukiiwasha asubuhi unafagia, unapanga bidhaa nje, unakunywa chai, na ukirudi bado inajiwasha.

Msimamo wangu ni huu: usikope kununua laptopu nyingine kabla hujajua ni kifaa gani ndani ya hiyo uliyonayo kinachokuchelewesha. Mara nyingi ni diski. Na diski inabadilishwa kwa bisibisi, sio kwa marejesho ya kila wiki.

Mimi sijasomea kompyuta. Niliishia kidato cha nne, haya nimeyapata kwa kufungua mashine, kukaa na mafundi na kusoma. Duka langu liko Iyunga, jirani na wanafunzi wa MUST, kwa hiyo presha ya siku za mwisho za maombi ya mkopo wa HESLB naijua vizuri. Foleni inafika nje. Mteja wa tano akiona kiduara kinazunguka tu kwenye kioo, anavuka barabara. Halalamiki, anaondoka kimya. Hiyo ndiyo hasara ya laptopu nzito, huwezi kuiona kwenye daftari la mauzo.

Ndio maana simlaumu mtu anayekimbilia kukopa. Kuna dada mmoja tunafanya naye biashara moja, alichukua kausha damu akanunua laptopu nyingine ya mtumba. Ilikuwa na umbo zuri na rangi nzuri, lakini ndani ina diski ya aina ileile kama ya kwanza. Programu na mafaili yalipoanza kujaa, uzito ukarudi. Marejesho yakabaki palepale. Yaani alilipia mashine mpya akapata tatizo lake la zamani.

KWANINI INAKUWA NZITO

Laptopu nyingi za mtumba za miaka ya 2011 mpaka 2016 hivi zilikuja na diski ambayo mafundi wanaiita HDD. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, na mkono mdogo unaopita juu yake kutafuta taarifa. Nyingi za kwenye laptopu zinazunguka mara 5,400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kwa kila kipande cha faili, mkono usogee kwanza, alafu sahani ifike mahali pake. Kwa mwendo huo diski inaweza kuchota vipande vidogo kama 100 tu kwa sekunde, na Windows ikiwa inawaka inahitaji maelfu.

SSD haina sahani wala mkono. Taarifa zipo kwenye chipu, kama zile za flashi ila zenye kasi kubwa zaidi, na inachota vipande maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Kwa faili kubwa moja, HDD ya laptopu inasoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika kama MB 500. Fikiria muuza duka anayekwenda stoo kwa kila kiberiti kimoja anachoombwa, na mwenzake mwenye kila kitu kwenye shelfu nyuma yake. Wote wana bidhaa zilezile, ila foleni zao hazifanani.

Kuna faida nyingine kwetu tunaobeba mashine kwenye bajaji kutoka Iyunga mpaka Mwanjelwa. Ule mkono wa HDD unaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno. Mashine ikipigwa na tuta huku inawaka, mkono unaweza kukwaruza sahani na mafaili yakaenda. SSD haina kitu cha kukwaruzana.

PIMA KWANZA, USINUNUE KWA KUSIKIA

Washa laptopu, fungua programu unazotumia kila siku, alafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Angalia asilimia:

Kama Disk iko 100 au karibu na hapo muda mrefu, huku CPU ikiwa chini, tatizo ni diski. SSD itakusaidia sana.

Kama Memory iko juu ya 90 muda wote, tatizo ni RAM. Mashine yenye GB 4 iongeze ifike 8 kama ina nafasi. Ukiweka SSD peke yake utaona unafuu, lakini sio wote.

Kama CPU ndiyo iko 100, chunguza kwanza kama kuna kirusi, vumbi kwenye feni au programu iliyong'ang'ania. SSD haitatibu hilo.

Na kama kila kitu ni chepesi ila tovuti tu ndizo zinachelewa, hiyo ni intaneti. Usimpe fundi hela kwa kosa la bando.

Pakua pia CrystalDiskInfo, ni ya bure. Inasoma afya ya diski na kukuambia Good, Caution au Bad. Ukikuta Caution au Bad, usisubiri wikiendi, hamisha mafaili yako siku hiyohiyo.

NINI CHA KUNUNUA

Sio lazima SSD itoke kampuni iliyotengeneza laptopu yako. Laptopu ya HP haihitaji diski ya HP. SATA ni kipimo kinachotumiwa na wote, kama tairi la bajaji: saizi ikikaa, linazunguka. Laptopu nyingi za miaka ile zinachukua SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa mm 7. Mpya kidogo zinachukua kile kipande chembamba kinachoitwa M.2, na hapo kuwa makini, kwa sababu M.2 ziko za SATA na za NVMe. Zinafanana kwa macho lakini haziingiliani kila mahali. Tafuta modeli kamili ya laptopu yako uone inakubali ipi, au nenda dukani na diski ya zamani mkononi.

Zipo zisizokubali kabisa. Vilaptopu vidogo vyenye eMMC ya GB 32 au 64 vimeunganishwa kwa kuchomelewa kwenye bodi. MacBook Air za miaka ile nazo zina soketi za kwao. Lakini MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012, ile isiyo ya Retina, inachukua SSD ya kawaida ya inchi 2.5.

Ukubwa: kwa steshenari au hesabu za duka, GB 240 inatosha. Picha na video nyingi, chukua 480. Usiijaze mpaka pomoni, acha nafasi kidogo ipumue.

Watu wanaogopa kwamba SSD "inaisha". Ni kweli ina kikomo cha kuandikwa, na kampuni zenye jina zinakitaja. Kingston A400 ya GB 240, kwa mfano, imeandikiwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, ni siku 4,000, karibu miaka 11. Duka la kawaida halifiki GB 20 kwa siku.

Cha kuogopa ni feki. Ukiona SSD ya TB 2 inauzwa bei ya GB 128, jua hakuna zawadi hapo. Kuna zinazodanganya mashine kwamba ni kubwa, kumbe ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu. Ukijaza, mafaili mapya yanafuta ya zamani bila kukuambia. Omba risiti ya EFD. Alafu, kabla hujaweka kitu chochote, ichomeke kwa kebo ya USB uendeshe H2testw. Hii ni programu ya bure inayojaza diski yote na kuisoma tena. Inachukua muda, ila ukikuta makosa, rudisha bidhaa wakati muuzaji bado anakukumbuka.

KUBADILISHA

Kazi ya kwanza sio bisibisi, ni nakala. Daftari la madeni, kumbukumbu za wateja, fomu, picha: vyote viwe sehemu mbili nje ya laptopu kabla mtu hajafungua skrubu hata moja. Andika pia programu zako na modeli ya printa.

Mimi nashauri kupiga Windows upya kuliko kunakili diski nzima. Uchafu wa miaka mitano huna haja ya kuhama nao. Na diski ya GB 500 haihami kirahisi kwenda SSD ya GB 240. Unahitaji flashi ya GB 8 na kifaa cha bure cha Microsoft cha kuandaa flashi ya Windows. Kama Windows yako ilikuwa halali, haki yake kwa kawaida imefungwa kwenye bodi ya laptopu, sio kwenye diski, kwa hiyo ukiweka toleo lilelile itajitambua ukiingia mtandaoni. Usilipie mtu "kukraki", hapo ndipo virusi vinapoingilia.

Kwenye mashine kama Lenovo ThinkPad T430, diski inatoka kwa kufungua kifuniko cha skrubu moja pembeni. Nyingine lazima ufungue mgongo mzima. Zima kabisa, chomoa chaji, toa betri kama inatoka. Kama mkono wako mzito, mpe fundi, lakini kaa naye.

Na hapa nasisitiza: ondoka na diski yako ya zamani mfukoni. Ndani kuna nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti, CV na pengine nywila za wateja waliokuamini. Kufuta kwa kawaida hakuondoi, mwenye programu ya kurejesha anavitoa vyote. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na duka dogo halijasamehewa kutunza siri za watu. Kama bado ni nzima, iweke kwenye kasha la USB iwe ya nakala. Kama ni mbovu, ivunje, usiiuze.

"LAKINI SI WINDOWS 10 IMEISHA MUDA?"

Hili ni swali zuri na silikwepi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti rasmi inataka TPM 2.0, na kwa upande wa Intel kwa ujumla inaanzia prosesa za kizazi cha 8. SSD haibadilishi hilo. Mashine inayoingia benki na malipo mtandaoni isibaki kwenye mfumo usiopata masasisho ya usalama.

Ila bado sio sababu ya kwenda kausha damu. Kama kazi yako ni kuchapa, hesabu na tovuti, Linux Mint ni ya bure na inaenda vizuri kwenye mashine ya zamani yenye SSD. Ijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, uone kama printa yako inakubali. Na kumbuka SSD ni mali inayohama. Siku laptopu ikifa kweli, unaichomoa na kuiweka kwenye nyingine yenye nafasi ya aina hiyo. Hela uliyoweka haizikwi na mashine.

Wapo watakaosema ongeza kidogo ununue bora. Nakubali pale ambapo bodi inazimazima, kioo kimevunjika, betri haikai na chaji ni ya kushikilia na mkono. Kipimo changu: jumlisha SSD, RAM kama inahitajika, na mkono wa fundi. Ikizidi theluthi moja ya bei ya laptopu ya mtumba iliyo bora kuliko yako, simama ufikirie. Ikiwa chini ya hapo na bodi ni nzima, tengeneza. Na ukilazimika kununua, swali la kwanza kwa muuzaji liwe diski iliyomo ni HDD au SSD, muulize kabla hata hujasifia kioo.

Neno la tahadhari: HDD ikiumwa mara nyingi inagonga na kukwama, unapata dalili. SSD inaweza kulala nzima ikaamka haipo, na kurejesha mafaili yake ni kazi ngumu. Umeme unaokatika ghafla huku betri imekufa nao unaharibu mafaili kwenye diski ya aina yoyote. Kwa hiyo kila jioni ukifunga hesabu, nakili faili la siku kwenye flashi, na kila wiki kwenye ile diski ya zamani ya kwenye kasha. Ni dakika mbili tu.

Leo ukishafunga duka, kabla hujampigia mtu wa mkopo, fungua Task Manager usome zile asilimia na uziandike. Mkopo una kazi yake: kuongeza karatasi, wino, bidhaa inayotoka na kurudi na faida. Usiutumie kununua mashine kwa sababu ya ugonjwa ambao hujaupima.

Kazi njema.